Anasoma bila kukwama na haelewi kitu: kisa cha Neema wa gredi ya tano

Mimi nafundisha Kizungu gredi ya tano hapa Nakuru, shule ya umma upande wa Kaptembwa, watoto 61 kwa darasa moja. Nataka kueleza kisa cha mtoto mmoja, nitamwita Neema, jina nimebadilisha, na huyu mwingine atakuja mbele nitamwita Kevo, hilo pia si jina lake. Nakieleza kirefu manake naamini kila mwalimu anayesoma hapa ako na Neema darasani kwake, na kama mimi, pengine anampa alama nzuri.

Neema ndo yule mtoto wa kusomea paredi. Mpe kitabu chochote asome mbele ya wageni, sauti iko juu, kwa koma anapumua, kwa nukta anashuka, wazazi wanapiga makofi. Kwa maswali ya ufahamu alikuwa hapati chini ya nane kwa kumi. Sikuwa na wasiwasi naye hata kidogo, nguvu zangu zote zilikuwa kwa wale wanaokwama kwa maneno.

Sasa muhula wa pili, Jumanne moja baada ya breki, vitabu havikutosha, nikaamua kuandika kifungu changu mwenyewe ubaoni. Nakiweka hapa vile kilikuwa:

"Baraka's mother gave him a bag of maize to take to the posho mill. The bag was too heavy for him to carry, so he called his cousin Joy. She was washing utensils but she agreed to help. Before they reached the mill, Baraka remembered that the money was still on the table. He told her to wait under the tree and ran home."

Sentensi tano tu, na ni maisha yao kabisa, hakuna mtoto Kaptembwa hajawahi kutumwa kusaga unga. Maswali yalikuwa matano. Matatu ya kwanza yalikuwa yale ya kawaida, mama alimpa nini, nani alikuwa anaosha vyombo, pesa zilikuwa wapi. La nne, "Why did Baraka run home?" La tano, "Who stayed with the maize?"

Neema alipata yale matatu safi kabisa. La nne aliandika, "Because before they reached the mill." La tano aliandika, "The maize stayed with the posho mill."

Nilikaa na hicho kitabu kwa stafu rumu nikakisoma tena na tena. Mwandiko mzuri, spelingi iko sawa, herufi kubwa ziko mahali pake, na hakuna maana ndani yake. Siku iliyofuata nikamwita kwa meza yangu wakati wa uji.

"Neema, hawa watoto walifika kwa posho mill?"

"Ndio, ticha."

"Umejuaje?"

"Imeandikwa." Akaweka kidole kwa kitabu chake, mahali alikuwa amenakili ile sentensi, akanisomea, "they reached the mill." Na kidole chake kilikuwa kimekaa juu ya neno Before, limefunikwa lote, halionekani.

Nikamwambia sawa, sasa sikiza hii ya Kiswahili. Kabla hawajafika posho mill, Baraka akakumbuka pesa. Hapo walikuwa wamefika?

"La, bado. Si umesema hawajafika."

Hakufikiria hata sekunde. Hapo ndo nikaanza kuelewa, na hiki ndo kitu kikubwa zaidi nilichotoa kwa kisa hiki chote. Kiswahili kinamwambia mtoto mara mbili. Kuna neno kabla, alafu kitendo chenyewe kinakataa, ha-wa-ja-fika, bado. Hata ukikosa kusikia kabla, ile -ja- inakushika. Kiingereza hakifanyi hivyo. Kinasema before alafu kinaweka reached, kitendo kimetimia kabisa, ni kama kile cha "they reached the mill and went home." Kwa hivyo mtoto aliyekulia kwa Kiswahili anangoja alama ya kukataa kwa kitendo, haioni, anaamua walifika. Neema si mzembe na si mjinga. Alikuwa anasoma Kiingereza na masikio ya Kiswahili, na hakuna mtu alikuwa amemwonyesha mahali hizi lugha mbili zinaachana.

Tukiendelea nikapata zingine. "Too heavy for him to carry." Nikamuuliza, Baraka alibeba huo mfuko peke yake? Akasema ndio, ulikuwa mzito sana lakini alibeba. Too kwake ni sana, very ni sana, na kwa Kiswahili kweli zote tunaweka sana. Alafu "she agreed to help", nikauliza she ni nani, akasema Baraka. Sisi tunasema alikubali, a- ni ya mvulana, ni ya msichana, ni ya mama, kwa hivyo kwa he na she macho yanapita tu, hayabebi kitu chochote. Kwa kusema wanachanganya, hiyo kila mwalimu anajua na tunarekebisha. Lakini mimi sikuwahi kufikiria kwamba hata kwa kusoma wanapoteza nani amefanya nini.

Swali lililobaki lilikuwa, hizo nane kwa kumi zilikuwa zinatoka wapi? Alhamisi nikajaribu kitu. Nikaandika ubaoni, "The dovo lommed three pibs near the sharn." Haya maneno hayako, nimeyabuni. Nikauliza, "How many pibs did the dovo lom?" na "Where did the dovo lom the pibs?" Karibu darasa zima walijibu sawasawa. Three pibs. Near the sharn. Walikuwa na furaha, mikono juu, ticha mimi, ticha mimi. Nikawauliza kwa Kiswahili, dovo ni nini? Kukawa kimya, alafu msichana mmoja wa nyuma akasema polepole, "Ticha, ni mnyama?"

Sikulala vizuri hiyo siku, nasema ukweli. Miaka yote nimekuwa nikiuliza maswali ambayo mtoto anajibu kwa kutafuta neno la swali kwa kifungu na kunakili kilicho karibu nalo. Na sidhani ni mimi peke yangu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kule Marekani mtafiti anaitwa Dolores Durkin alikaa kwa madarasa ya gredi ya nne akipima muda, dakika 4,469 za vipindi vya kusoma, na za kufundisha watoto namna ya kuelewa alipata 20 peke yake. Zilizojaa ni maswali ya kupima na kazi za kuandika. Kuuliza na kufundisha ni vitu viwili tofauti, na mimi nilikuwa nauliza.

Hapa nataka kuwa mwadilifu kwa wale walionitangulia na hawa watoto. Mpango wa Tusome, wa kufundisha kusoma madarasa ya chini, ulioanza nchi nzima 2015, ulifanya kazi kubwa, watoto wengi wanaofika kwangu wanajua sauti za herufi na wanaweza kutamka neno jipya. Hiyo ni nusu. Kuna mfano wa Gough na Tunmer wa 1986 unaosema kusoma kwa kuelewa ni kutambua maneno mara kuelewa lugha. Mara, si jumlisha. Upande mmoja ukiwa sufuri, jibu ni sufuri, hata ule mwingine ukiwa juu namna gani.

Na upande wa pili nilikuwa nao darasani, ndo Kevo. Kevo anasoma na kidole, neno kwa neno, kwa "utensils" alikwama, kwa "remembered" akaruka kabisa. Lakini swali la tano lililomshinda Neema yeye alijibu kwa mdomo papo hapo, "Ni Joy alibaki na mahindi, mtu hawezi kimbia na gunia." Hakuna mstari unasema hivyo, amefikiria. La nne sasa, mbona Baraka alikimbia nyumbani, akasema stima ilipotea, mashine ikazima. Si uvivu, hilo ndo jambo linalotokea kwao kila wiki, na neno moja aliloruka ndo lilikuwa limebeba jibu, kwa hivyo akajaza pengo na maisha yake. Nikiwapanga hawa wawili kwa karatasi ya alama, Neema alikuwa anafikia matarajio na Kevo yuko mbali na matarajio. Ukiniuliza nani alikuwa anajaribu kuelewa hadithi, ni Kevo.

Nilichofanya wiki sita zilizofuata si kitu cha ajabu. Kwanza niliacha kungoja mwisho wa kifungu ndo niulize. Tunasoma sentensi moja, tunasimama, nani amefanya nini, yuko wapi saa hii. Kwa ile sentensi ya before nilichora laini ya chaki sakafuni kutoka mlangoni hadi dirishani, mlango ni nyumbani, dirisha ni posho mill. Watoto wawili wakatembea na mfuko, Neema ndo alikuwa wa kusema simama. Mara ya kwanza aliwaacha waende mpaka wakagusa dirisha. Darasa likapiga kelele, la, la, bado! Akasoma tena, mara hii akaanza na Before, akawasimamisha hatua mbili kabla ya dirisha, akaangalia hicho kipande cha chaki kilichobaki mbele yao kama ameona kitu kimedondoka pale. Hakusema chochote. Lakini kitabu chake cha kesho yake nilikuta amezungusha before kila mahali, hata kwa homuweki ya sayansi.

Too tulifanya na mtungi wa lita 20. Ukiwa na maji nusu Kevo anainua, "very heavy." Ukijaa hauinuki, "too heavy for Kevo to carry." Kwa too mtungi unabaki chini, hiyo wameshika mpaka leo. He na she tulifanya na mishale, kila he, she, her, they, it, chora mshale urudi kwa mwenyewe. Kazi inachosha, lakini kwa wiki mbili za kwanza niliona makosa yakiwa wazi juu ya karatasi, kabla ya hapo yalikuwa ndani ya kichwa cha mtoto na siwezi kuingia huko.

Kwa vikundi nilichukua njia ya Palincsar na Brown, waliichapisha 1984, na kilichonivuta ni kwamba walifanya kazi na watoto wa gredi ya saba waliokuwa wanatamka vizuri lakini hawaelewi, yaani Neema kabisa. Kila mtoto anapata kazi, mmoja wa kukisia kinachofuata, mmoja wa kuuliza, mmoja wa kukwamua, yaani kushughulika na neno lililowakwamisha, na mmoja wa kufupisha, alafu wanabadilishana. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Vikundi kumi na tano kwa chumba kimoja, kipindi ni dakika 35, kelele mpaka mwalimu wa darasa jirani akaja mlangoni. Tena wale wa kuuliza walikuwa wananiiga mimi, who was washing, where was the money, maswali ya dovo na pibs. Kilichosaidia ni sheria moja tu. Kama jibu linaweza kuguswa na kidole kwa mstari, hilo swali halihesabiki, uliza lingine. Hapo kelele haikuisha lakini ikabadilika, wakaanza kubishana. Kikundi kimoja kilibishana kama mama ya Baraka angemchapa kwa kusahau pesa, na mmoja akarudi kwa kifungu kutafuta kama kuna mahali panaonyesha mama ni mkali. Hakupata. Lakini alirudi kutafuta.

Sasa hii mambo ya Kiswahili ndani ya kipindi cha Kizungu, najua kuna wenye hawatakubaliana na mimi. Mwalimu mwenzangu, mtu ninayemheshimu sana, aliniuliza, "Madam, hii ni lesoni ya Kiingereza ama ya Kiswahili?" Namwelewa. Shule niliyosomea mimi ukipatikana ukiongea lugha ya nyumbani unavalishwa kibao shingoni mpaka jioni, tulikua tukijua kwamba kuficha lugha yako ndo njia ya kujua Kiingereza. Lakini sera yenyewe ya nchi, na wazo lake liko kwa ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya 1976, ni mtoto aanze na lugha ya eneo lake gredi ya kwanza hadi ya tatu, Kiingereza kiingie kama lugha ya kufundishia gredi ya nne. Hapa Kaptembwa kuna Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Wakisii, Waluhya, wote kwa ploti moja, lugha ya eneo ni Kiswahili na hakuna ubishi. Gredi ya tano ako na mwaka mmoja tu na kitu tangu sayansi na masomo mengine yageuke Kiingereza. Akikosa before kwa hadithi ya Baraka, ataikosa pia kwa maagizo ya sayansi, na huko hakuna mtu atamuuliza walifika ama hawakufika.

Lakini kuna mahali nilikosea na nataka kusema wazi. Wiki ya pili nilianza kutafsiri mimi mwenyewe, sentensi baada ya sentensi, na ilionekana inaenda vizuri manake kila mtu alikuwa anaelewa. Walikuwa wananielewa mimi, si kile kitabu. Niliona macho yao, hawaangalii tena maneno, wanangoja mdomo wangu. Nikabadilisha. Kutafsiri ni kazi yao, mimi naruhusiwa kuuliza tu. Na jibu la mwisho linarudi kwa Kiingereza, hata kama kimevunjika, tunakinyoosha pamoja. Kiswahili ni cha kufikiria na kubishana, Kiingereza ndo tunachoweka kwa kitabu. Hapo ndo nimesimama mpaka leo.

Kevo tulimfanyia tofauti, maana shida yake ilikuwa kwa kutambua maneno. Dakika kumi asubuhi kabla ya paredi, kifungu kifupi kile kile mara tatu mara nne mpaka kitoke laini, na maneno marefu kuyakata vipande, re-mem-bered. Amepanda, polepole. Bado anaruka neno likimchosha, lakini siku hizi anaweka alama mahali ameruka, kwa hivyo anajua hapo kuna shimo na halijazi na stima.

Wiki ya sita niliwapa kifungu kipya, wasome kimya. "Mother told Wanja not to open the gate until her aunt arrived. When someone knocked, she looked through the hole. It was only the neighbour, so she went back to her book." Swali la kwanza, "Did Wanja open the gate?" Hakuna mahali pamesema alifungua ama hakufungua, kidole hakina pa kugusa.

Neema alichukua muda mrefu kuliko karibu kila mtu. Mishale kila mahali. Alafu akainua mkono.

"Ticha, huyu her ni Wanja ama ni mama? Shangazi ni wa nani?"

Niliangalia kifungu changu mwenyewe na sikuwa na jibu. Inaweza kuwa shangazi wa Wanja, inaweza kuwa shangazi wa mama. Mimi ndo nilikiandika na sikuwa nimeona. Nikawaambia darasa, Neema ameuliza swali ambalo hata mwandishi hajalijibu, na tukakaa nalo hapo.

Jibu lake la kuandika lilikuwa, "No, she did not open because the aunt has not come." Wakati wa kitendo haujakaa sawa, nilimwekea alama zote na sarufi tukairekebisha kando.

Sijamaliza na yeye. Although bado inampiga chenga, na unless sijagusa. Mwaka ujao ni KPSEA, mtihani wa kitaifa wa gredi ya sita, na karatasi ile ni ya kuchagua jibu, mtoto mwenye macho makali anaweza kuokota alama nyingi kwa kulinganisha maneno, kwa hivyo nimeongea na mwalimu wa gredi ya sita, nikampa madaftari mawili ya Neema, la zamani na la mishale, aone mwenyewe. Na sheria ya kidole imeandikwa kwa karatasi ya manila, iko ukutani.

Siku ya kuchukua ripoti Mama Neema alikuja, yeye anauza mboga huku chini karibu na steji, alikuwa ameacha kibanda na jirani na alikuwa na haraka. Ripoti upande wa kusoma kwa sauti ilikuwa imeshuka kidogo.

"Mwalimu, nisaidie kuelewa. Huyu mtoto alikuwa anasoma mbio, sahizi hata nyumbani anasimama simama. Ni macho? Nimpeleke hospitali?"

Nikamwambia, Mama Neema, macho ni mazima. Keti kidogo. Nikampa Neema kifungu cha Wanja, nikamwambia asome kimya alafu amwelezee mama kwa Kiswahili. Akasoma, akasimama mahali pale pa her, akaendelea. Akamwambia mama yote, mama alimkataza asifungue geti mpaka shangazi aje, mtu akabisha, Wanja akachungulia kwa shimo, kumbe ni jirani, hakumfungulia, akarudi kusoma.

Mamake akawa ameweka kikapu chini. "Na huyo jirani alikuwa anataka nini?"

Neema akarudi kwa karatasi. Akapitisha kidole mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akafika mwisho.

"Haijaandikwa, mum," akasema. "Pengine chumvi."